Mashua Inayonuka Kuku

Jumatatu, 17 Machi

Kathambi amenipa daftari na kalamu. "Mami, kama ni kulalamika kutoka asubuhi mpaka jioni, lalamikia hapo, masikio yangu yapumzike." Sawa. Mimi nilifika darasa la saba, na kwa insha ya Kiswahili nilikuwa namba mbili, nyuma ya mtoto wa mwalimu, na kwetu Kibirichia nzima inajua huyo alisaidiwa.

Basi naanza na harufu. Mashua inanuka kuku. Si kuku wa kupikwa, ni kuku aliyeishi, akanya, akataga, akafa humo ndani na mwenzake akamkalia. Nimeingiza kichwa mara moja tu, chai yote ya asubuhi ikataka kurudi.

Mtu asiyejua atauliza mashua imetoka wapi kwa watu wa viazi. Haiko kwetu. Tuko Mbeere, chini ya Kiritiri, kando ya bwawa la stima, mahali pa joto na mbuzi. Mwenyewe ni Mzee Ireri, mstaafu, anakaa mtaa wa Majimbo kule Embu mjini. Alipita Nchiru, kule kwetu Meru, na gari lake, akamkuta msichana wangu kando ya barabara na kazi yake ya kung'arisha taa za magari. Zile taa za mbele zikishakuwa njano, zimeingia ukungu kama jicho la ng'ombe mzee, mtoto wangu anazipiga msasa na polishi mpaka unaona meno yako. Hakuna mwingine anayefanya hivyo Meru nzima, na kama yuko, hafanyi vizuri. Mzee akatazama, akasema, "Ni wewe nimekuwa nikitafuta."

Kumbe mashua yake ya tanga ina madirisha sita na vifuniko viwili vya juu vya kuingiza mwanga, na vyote si kioo, ni plastiki ngumu inaitwa akriliki. Jua na vumbi vimeifanya nyeupe, imejaa mikwaruzo, ukiangalia nje huoni kama ni mti ama ni mtu. Kathambi aifungue, aisafishe, airudishe. Ikitoka vizuri, Mzee ataleta meneja wa hoteli ya ng'ambo ya bwawa Jumatatu ya Pasaka aone, maana mashua zao za watalii zina ugonjwa huohuo. Hiyo ndiyo kazi tunaitaka. Kazi ya kumpa mtoto wangu duka lenye paa, aache kuchomwa na jua barabarani na mtoto mgongoni.

Mimi nimekuja kushika mtoto. Anaitwa Karimi, jina langu la kuzaliwa kabla sijabatizwa Jedidah, na paji la uso pia ni langu.

Kitu kimoja kinanipa wasiwasi. Mashua imekaa kwa matope makavu, pale maji yaliiacha kiangazi. Mvua ikishika huko juu, bwawa linajaa, maji yanarudi kuitafuta. Yakiikuta bila madirisha, itajaa kama sufuria.

Jumanne, 18 Machi

Joto. Nzi. Mayai yaliyooza ndani ya sinki ya mashua. Nimetapika.

Alhamisi, 20 Machi

Mwenye kuku amejulikana. Ni Wambeti, huyu mama aliyetukodisha chumba. Mbuzi wake wanalala karibu na mlango wetu, na beberu ananuka mpaka chumvi kwa mfuko imeshika harufu yake. Anakamua, anajipangusa kwa kanga, anapangusa kikombe kwa kanga hiyohiyo, anakupatia chai. Nimemwambia tumbo langu halipatani na maziwa ya mbuzi. Halijawahi kuyaonja.

Leo nimemuuliza, kwa adabu, "Mama, kwani kuku wako hawana nyumba?"

"Walikuwa nayo," amesema. "Mkakuja mkawafukuza."

Watu wa huku wana majibu.

Mzee Ireri naye amefika kuangalia kazi. Mtu msomi, shati limepigwa pasi, lakini shavu limejaa majani ya muguka ya kutafuna, kama mtu wa jino bovu. Ameketi ukingoni mwa mashua akatema mate ya kijani palepale nilipotoka kufagia.

"Mzee, kuna nje," nimesema.

"Mama Kathambi, hii yote ni nje." Akatema tena.

Jumapili, 23 Machi

Nimempigia Nelius. Nelius ndiye mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, na pia anashika ufunguo wa stoo ya ushirika wa viazi, na kijana wake Antony yuko benki. Haya yote atakuambia kabla hujamaliza kusema habari.

Nimemwambia Kathambi anatengeneza meli.

"Meli? Mbeere?"

"Meli ya tanga."

"Inabeba watu wangapi?"

"Wengi."

Mungu anisamehe. Inabeba wanne wakikunja miguu.

Akasema, "Kumbe!" nikafurahi. Kisha akaanza mambo yake, ati wanasafisha stoo, bado kuna ndoo za kunawia na zile plastiki angavu za kaunta, za kuzuia mate wakati wa korona, kubwa kubwa, hakuna anayejua pa kuzitupa. Nimemwambia achome. Plastiki iliyokoholewa na watu wote wa Buuri, nani anataka kuigusa?

Jumatano, 26 Machi

Leo lazima niandike vizuri kwa sababu leo mtoto wangu amenishangaza, na mimi ndiye nilimzaa.

Madirisha yote ameyatoa. Meza yake ni mlango wa zamani juu ya mapipa, chini ya mgunga. Anamwaga maji, anapiga msasa mkali, anamwaga, anapiga, maji yanatiririka meupe kama ya kuoshea mchele. Halafu msasa laini, halafu laini zaidi. Dirisha la kwanza baada ya saa nzima lilikuwa baya kuliko mwanzo, jeupe pepepe kama nta. Nikamwambia, "Kathambi, umeliua."

"Mami, ngoja."

"Nimengoja. Limekufa."

"Lazima kwanza uondoe mikwaruzo mikubwa kwa kuweka midogo mingi. Ngoja."

Akapaka polishi, akawasha jenereta ya Mzee, akapitisha mashine polepole huku akigusa kwa kidole, maana plastiki ikipata joto inaharibika. Akapangusa. Akaliinua. Nyuma yake nikamwona Wambeti, na mbuzi, na kijiti mdomoni mwa mbuzi. Ni kama hakukuwa na kitu katikati.

"Ngai," amesema Wambeti, akimwita Mungu.

"Ni wangu huyu," nimemwambia.

"Nimeona. Umesema kila siku."

Jumapili, 30 Machi

Mvua imepiga, ya kwanza. Tope limenuka kinyesi cha kiboko. Ukingo wa maji jana ulikuwa mbali pale kwa mawe. Leo mawe siyaoni.

Jumanne, 1 Aprili

Madirisha yote yamerudi, na kifuniko kimoja. Kathambi ametoboa matundu makubwa kidogo kuliko skrubu, akasema plastiki hii inavimba kwa joto, ukiibana inapasuka. Nani alimfundisha? Kichwa chake mwenyewe. Kichwa kimetoka kwetu.

Lakini nina hasira. Mchana Karimi hulala ndani ya mashua, ndipo kuna kivuli cha kweli, na leo nimemvua nguo nikakuta tumbo lote na mapaja yamejaa vipele vyekundu. Viroboto. Viroboto vya kuku. Tumefagia, tumeosha kwa sabuni, tumechoma majani ya mwarobaini, na bado viko kwenye nyufa za mbao vinaruka kama mtama kwenye kikaango. Nimekunja mguu wa suruali ya Kathambi nikavihesabu nikaacha. Nimewashwa mpaka kwa ulimi.

Jumatano, 2 Aprili

Vimekwisha. Nimevimaliza mimi.

Kathambi amekwenda Kiritiri kununua silikoni ya kuziba kingo za madirisha. Nimemwendea Wambeti nikamuuliza anatumia nini kwa mbuzi wake. Ametoa chupa ya dawa ya kupe na pampu ya mgongoni. "Kifuniko kimoja cha chupa kwa pampu nzima ya maji," amesema.

Nikacheka. Mimi nimebeba pampu tangu nikiwa na meno ya utoto. Nikipuliza viazi, ugonjwa wa baridi haushiki shamba langu hata kama shamba la jirani limekuwa jeusi. "Mama Wambeti," nikamwambia, "mtu wa viazi hafundishwi pampu."

"Haya," akasema, akachukua mtoto.

Nimevaa miwani yangu ya kusomea, ya plastiki, dawa isiniingie machoni, nimefunga mdomo kwa leso, nimemimina nusu ya chupa na maji kidogo. Nimepuliza chini, juu, kona zote, kila ufa, mpaka kuta zikatiririka na miwani ikalowa. Harufu inakata kichwa, lakini ni harufu ya usafi. Kesho nitaosha kila mahali kwa maji mengi kabla mtoto hajarudi.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuna kiroboto hata kimoja. Nimeosha mara tatu. Nimemwambia Nelius. Miwani ina ukungu, nimeipangusa haitoki. Vitu vya soko.

Ijumaa, 4 Aprili

Madirisha yamekufa.

Kathambi ameamka mapema kwenda kumalizia kifuniko cha pili. Nimesikia akiita, si kwa sauti ya kuita mtu. Nimekimbia na mtoto. Yote sita, na kile kifuniko cha mbele, yamejaa nyufa ndogo ndogo, nyembamba kama nywele, maelfu, zimeanzia kwa skrubu zikasambaa mpaka katikati. Jua likipiga yanang'aa kama barafu. Ukiangalia nje huoni kitu.

"Unaweza kupiga msasa tena," nimesema.

"Si mikwaruzo, Mami. Zimeingia ndani." Amepitisha ukucha. "Hii hairudi."

Jumapili, 6 Aprili

Mvua usiku kucha. Maji yamefika kwenye kamba ya mashua.

Kathambi hali chakula. Anasema ni mashine yake, ameipitisha muda mrefu, amechoma plastiki ndani bila kujua. Anasema taa za magari alizotengeneza labda zote zimepasuka sasa huko barabarani na watu wanamlaani. Mzee akija Jumanne, yeye Kathambi atamwambia atafute fundi mwingine. "Sitagusa tena mali ya mtu," amesema. "Nitarudi nyumbani tulime viazi."

Nimekasirika. Nimetoka nikamkuta Wambeti akikamua, nikamwambia yote. Kwamba tangu tufukuze kuku wake hajatupenda. Kwamba yeye tu ndiye anakaa karibu na mashua. Kwamba amemwaga kitu kwenye kazi ya mtoto wa mwenzake, mkojo wa hilo beberu lake ama kitu kibaya zaidi.

Amemaliza kukamua, ameinuka, amepita na kikombe mpaka kwa mlango wetu akamwekea Kathambi, kama kila siku. Kathambi amekunywa. Mimi nimetema mate.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikuwa nataka kuandika ubaya wa Wambeti, nikavaa miwani, mistari ya daftari ikaonekana kama imeandikiwa chini ya maji. Nikaivua nikaipangusa kwa leso. Bado. Nikaitazama kwa mwanga wa mlango.

Nyufa. Ndogo, nyembamba kama nywele, zimeanzia kwa skrubu ya mkono wa miwani zikasambaa mpaka katikati. Zinang'aa kama barafu.

Nimekaa. Miwani haikupitishiwa mashine. Miwani haikukaa karibu na kuku wala beberu. Miwani ilikaa mahali pamoja tu na madirisha, usoni mwangu, siku ya pampu.

Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Nilifikiria kuitupa bwawani. Hakuna angejua. Mzee angelaumu jua, Kathambi angejilaumu mwenyewe, mimi ningelaumu Wambeti mpaka nife, na Nelius angesikia tu kwamba mambo ya Mbeere ni magumu. Nilifika mpaka ukingoni. Maji yale ni machafu, yana povu la kahawia na majani yaliyooza na samaki mmoja amevimba tumbo juu. Nikaangalia nyuma. Kathambi alikuwa anafunga misasa yake kwa gazeti, mmoja mmoja, kama mtu anayefunga vyombo vya marehemu.

"Kathambi, shika hii miwani."

"Mami, sina wakati wa miwani."

"Shika, nimesema. Angalia."

Ameishika. Ameangalia. Ameinuka, ameenda mpaka kwa dirisha la mashua, ameiweka kando yake. Amelinganisha nyufa kwa ukucha.

"Ulipuliza nini humu ndani?"

"Ya kupe."

"Ulichanganya na maji?"

"Kidogo."

"Dawa kidogo ama maji kidogo?"

"Maji kidogo."

Ameketi kwenye tope na suruali yake nzuri. Mabega yalikuwa yanatikisika nikajua analia, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Kumbe anacheka. Halafu ndipo akalia.

"Kwa hivyo ni dawa imekula plastiki, si mimi," amesema.

"Si wewe."

"Sema tena."

"Si wewe, mtoto wangu. Kazi yako ilikuwa safi. Ni mimi."

Kisha nikaenda kwa Wambeti. Nilisimama kwenye mavi ya mbuzi, nikaona inanifaa.

"Nilikwambia kifuniko kimoja," amesema kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amesikia maneno yetu na kicheko.

"Uliniambia."

"Ukasema wewe ni mtu wa viazi."

"Nilisema."

"Na beberu wangu je? Si ulisema amekojolea madirisha?"

"Nitamwomba msamaha pia."

"Huyo hana haraka. Keti unywe chai."

Nimeinywa yote. Wambeti ni mtu mzuri, na chai yake inanuka beberu.

Jumanne, 8 Aprili

Mzee Ireri amekuja. Nimesema mimi kabla Kathambi hajasalimia. Amesikiliza, ametafuna, ametema.

"Akriliki mpya ni ya kuagizwa Nairobi," amesema. "Maji yatafika kabla yake. Na wa hoteli nimeshawaambia Pasaka. Mkiwa hamna kitu cha kuweka pale, mniambie leo nisijiaibishe."

Hapo ndipo nilikumbuka stoo ya ushirika. Nikatamani nisingekumbuka.

"Nelius," nimesema kwenye simu, "zile plastiki za kaunta umezichoma?"

"Bado. Kwa nini? Meli inaendeleaje?"

"Meli imeharibika."

"Woi! Nani ameiharibu?"

"Mimi."

"Hebu ngoja niweke sauti kubwa, kuna akina mama hapa hawajasikia."

Nimerudia. Dawa ya kupe, nusu chupa, pampu, miwani. Wamecheka mpaka mtoto, aliyekuwa amelala mgongoni mwangu, akaamka. Nimesikia mtu akiuliza, "Na wale abiria wengi je?" Nilikuwa nimeshika simu mbali na sikio kama kitu kilichooza.

Walipomaliza, Nelius amesema kwa sauti ya kawaida, "Lori la viazi linashuka Embu kesho. Zote?"

"Zote."

"Ile ya kaunta ya keshia ni nene kama kidole."

"Hiyo kabisa."

"Nitaifunga kwa blanketi yangu," amesema. "Jedidah, usiipulize."

Alhamisi, 10 Aprili

Mzee amezileta kutoka Embu juu ya gari lake. Zina vumbi, mafuta ya vidole, mate yaliyokauka ya watu niwajuao kwa majina, na stika za korona zilizobabuka. Nimezisugua kwa sabuni nikiwa nimefunga pua. Kathambi ameweka madirisha yaliyokufa juu yake akachora kwa kalamu. Zinatosha. Ile nene ya keshia ni ya kile kifuniko cha mbele.

Jumamosi, 12 Aprili

Msasa, maji, msasa. Na mimi napiga. Mkono umevimba.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Maji yamegusa mashua upande mmoja. Wambeti ametuzibia matundu ya madirisha kwa turubai ya nyumba yake, sasa kwake kunavuja.

Jumamosi, 19 Aprili

Dirisha la mwisho tumeliweka miguu ikiwa majini, Kathambi ndani na silikoni, mimi nje nimekandamiza, Wambeti ameshika mtoto na mwavuli. Kitu laini kimepita kwenye kifundo cha mguu wangu. Sijauliza ni nini. Nimefunga macho nikakandamiza.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Inaelea. Nimeamka nikakuta imeinuka yenyewe, imegeuka, inavuta kamba yake kama mbuzi. Kathambi amepiga magoti ndani akapitisha kiganja chini ya kila dirisha. Kavu. Kila mahali kavu.

Meneja wa hoteli anaitwa Wawira, mwanamke mdogo mwenye haraka. Hakusema mengi. Ameketi ndani, ameangalia nje upande huu, ameangalia upande ule, amegonga dirisha kwa pete yake.

"Hii umeagiza wapi?"

"Tumeitoa Kibirichia," amesema Kathambi. "Ilikuwa imetumika."

"Haionekani."

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nilikuwa nimejipanga kusema mengi hapo, jinsi alivyokuwa na akili tangu akiwa mdogo, lakini mashua ilikuwa inayumba na tumbo langu lilikuwa limefika shingoni. Na bado inanuka kuku. Polishi, silikoni, sabuni, dawa, na chini ya vyote, kuku. Nimemsikia Wawira kwa mbali akisema, "Anza na zetu tatu, wiki ijayo," na Mzee Ireri akatema nje, safari hii nje kabisa, na Kathambi akanishika bega, "Mami, umesikia?"

Nimesikia. Singeweza kufungua mdomo. Nimeinua uso juu nitafute hewa, na hapo kwenye kifuniko cha mbele, kile cha kaunta ya keshia, anga ilikuwa safi kama hakuna kitu katikati, isipokuwa kivuli kidogo cha herufi pale stika ilipokaa miaka yote na jua halikupita. Msasa haukukiondoa. Kinasomeka bila miwani: NAWA MIKONO.

Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa na silikoni, na polishi, na mavi ya mbuzi ya asubuhi.

Nimetoka nikatapikia bwawa. Kisha nimeinama nikanawa mpaka viwiko, kwa maji yaleyale ya tope na povu na kiboko, na mikono imetoka michafu kuliko ilivyoingia.